Mama Madebe wa Igamba na ligi iliyokimbiwa na vyuo vya lami

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya kahawa ya Igamba, na Tabita Nzunda anafuta vumbi madebe matatu ambayo si yake.

Ni madebe ya bati, yale ya mafuta ya kula ya lita ishirini, yaliyokatwa juu na kutiwa mpini wa waya. Kila moja limeandikwa jina la chuo kwa rangi ya mafuta. Anayafuta kwa kitambaa chenye maji, ndani na nje, kisha anayapanga tena kwenye rafu ya stoo ya jiko, majina yakitazama mlango. Nafasi ya nne kwenye rafu hiyo iko wazi. Anaifuta nayo.

"Hilo liko njiani," anasema, kisha anageukia sufuria za maharage.

Tabita ana miaka 54. Ni mpishi wa Chuo cha Ufundi na Kilimo cha Isenga, kata ya Igamba, wilayani Mbozi, kazi aliyoianza akiwa na miaka 27 na mtoto mgongoni. Mshahara wake ni Sh190,000 kwa mwezi, na mwenyewe anasema kilichosomesha watoto wake wanne ni kahawa ya shamba la familia, si mwiko. Wanachuo humwita Mama Madebe. Mwanzoni alinuna. Siku hizi ukimwita kwa jina lake la kanisani anaweza asigeuke.

Jina hilo lilianza na aibu. Mwaka 1999 mvua ya mawe ilifyeka mahindi ya Mbozi, na chuo cha Kamsamba, kule bondeni Momba, kilipokuwa kinajiandaa kuja kucheza mpira kilisikia kwamba Isenga hawana chakula cha kuwalisha wageni. Wakaja na debe la mchele wao. Mchele wa Kamsamba haujifichi ukiwa jikoni. Wenyeji na wageni walikula pamoja, wakashiba, na jioni mgeni mmoja akaomba debe lao.

"Nililitazama lile debe, tupu, nikaona haya," anasimulia Tabita. "Nimempikia mtu chakula chake mwenyewe, halafu nimkabidhi bati apigepige njiani kama ngoma? Nikamwambia libaki, tutawaletea."

Miezi miwili baadaye Isenga walikwenda Kamsamba kwa mechi ya marudiano, na Tabita akapanda nao lori akiwa amelipakata debe lililojaa maharage ya njano, juu yake kikiwa kifurushi cha kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Mwaka uliofuata chuo cha Isongole, kutoka Ileje, nacho kikaja na debe lake la karanga. Vyuo vya Vwawa, Mlowo na Tunduma vikaona vitachekwa, vikatafuta madebe.

Hakuna kikao kilichowahi kulijadili jambo hilo. Lakini kwa miaka ishirini na sita, katika Ligi ya Vyuo Saba, mgeni alikuja na debe limejaa, akaliacha kwa mwenyeji, na mwenyeji akalirudisha siku ya marudiano likiwa limejaa cha kwake. Chuo cha Forodha cha Lukumbi, cha Tunduma, kilisifika kwa dagaa wa Mpulungu waliovushwa kutoka Zambia. Wanachuo waliacha kabisa kuiita ligi hiyo kwa jina lake. Iliitwa Ligi ya Madebe.

Wenyewe waliipenda, ingawa hapakuwa na kombe la maana. Kombe lililopo lina mkono mmoja, na mkono wa pili ulivunjikia Isongole katika sherehe ambayo hadi leo kila chuo kinadai ilikuwa ya kwake.

Julai mwaka jana mambo yakageuka. Ligi mpya ya vyuo ilianzishwa kwa kuunganisha mikoa miwili, ikiwa na mdhamini, jezi za bure, na mechi zinazoonyeshwa mtandaoni. Masharti yake yalikuwa mafupi: uwanja wenye uzio, vyumba vya kubadilishia nguo, na barabara inayopitika na basi kubwa mwaka mzima. Vyuo vinne vilivyopo kandokando ya barabara kuu, kuanzia Lukumbi hadi Mlowo, vilijiunga ndani ya wiki moja.

Wakabaki watatu wa vumbini: Isenga, Isongole na Kamsamba.

Zabron Haonga, mwalimu wa michezo wa Isenga, anakumbuka kwamba habari yenyewe ilimfikia kwa ujumbe wa simu uliotumwa kwenye kundi la walimu, ukifuatiwa na picha ya watu wakipeana mikono. Aliandika barua kumi na moja kwa vyuo vinne vilivyohama na kwa waandaaji wa ligi mpya. Aliambulia jibu moja, la kumtakia kila la heri.

Tabita yeye hakuuliza habari za mdhamini wala jezi. Aliingia stoo. Ratiba ya mwaka huo ilikuwa imewapa Isenga kuanza nyumbani, kwa hiyo vyuo vyote vinne vilikuwa vimeshakuja, vimekula, na vimeacha madebe. Marudiano hayakuchezwa.

"Yalikuwa manne pale juu," anasema akionyesha rafu kwa kidevu, maana mikono ina unga. "Nikayaangalia nikasema, hawa watu hawajaondoka. Mtu aliyeondoka huchukua vyombo vyake."

Bodi ya chuo haikuliona hivyo. Septemba ilikaa na kuamua kwamba ligi ya vyuo vitatu si ligi. Uwanja wa Isenga, ambao umeinama kidogo upande wa kusini na umezungukwa na miti ya grevilea, ungelimwa mahindi mvua za kwanza zikianza. Ungeachwa uchezewe tu kama vyuo vingefika vinne. Mkuu wa chuo, Gwamaka Kibona, alisoma uamuzi huo mbele ya wanachuo akiwa ameinamisha uso. Yeye mwenyewe alikuwa beki wa kushoto wa Isenga enzi zake.

Kwa Tabita hiyo haikuwa habari ya mpira. Hajui, anakiri, nini maana ya kuotea, na ameelezwa mara nyingi. Ila siku ya mechi ndiyo siku pekee ambayo chakula chake huliwa na mtu asiyelazimika kukila. Kina mama wa Igamba huja kuuza ndizi na vitumbua, wazee huja na viti vyao, na mabinti wa netiboli hutazamwa na baba zao kwa mara ya kwanza. Uwanja ukilimwa, hayo yote yanalimwa.

Basi mwishoni mwa Oktoba alifanya jambo ambalo mwalimu Zabron alimwomba asilifanye. Alilijaza debe la Lukumbi maharage, akalitikisa yashuke, akajaza tena, akaweka kahawa juu, akafunga kitambaa, akaomba lifti kwenye Fuso la mahindi lililokuwa likielekea Tunduma. Alitaka kuanza na chuo cha mbali zaidi. Kama wale wa mpakani wangekumbuka, alisema, wa karibu wangeona haya.

Alifika getini Lukumbi saa tatu asubuhi. Walimpa kiti. Hilo analitaja kila anaposimulia, kwa sababu hataki mtu aseme Lukumbi hawana adabu. Mlinzi alisema hawezi kupokea mzigo usio na barua. Jikoni hakukuwa na mtu wa kumjua, kwani mpishi wa zamani alistaafu na siku hizi chakula kinaletwa na mzabuni, kikiwa kwenye vifungashio.

Saa saba akatoka mwalimu mpya wa michezo, kijana mpole aliyeitwa Jastin Simbeye. Alilitazama debe, akasoma jina la chuo chake, akamtazama mama mtu mzima mwenye vumbi la Fuso hadi kwenye kope. Tabita anayakumbuka maneno yake yote.

"Mama, sisi sasa tunacheza na wa mbali. Hilo debe kaa nalo tu, hakuna anayelidai."

Tabita aliinuka. Alifunga kitambaa vizuri, akatoka getini, na barabarani, kati ya malori yaliyopanga foleni kusubiri kuvuka, machozi yakamtoka. Analisema wazi, bila kuona soni: alilia kama mtoto, na dereva mmoja wa lori alishuka akampa maji.

Kisha ikaja shida nyingine. Mama yake Tabita alikuwa Mnamwanga, na katika nyumba aliyolelewa, chakula kilichotoka jikoni kwenda kwa mgeni hakirudi tena jikoni kilikotoka. Kukirudisha ni kama kumzika mgeni angali hai. Angeweza kuyauza yale maharage sokoni na kurudi na nauli, wengi wangefanya hivyo. Yeye akatafuta mtu wa mkokoteni, akaomba kibali cha siku moja, akavuka mpaka.

Upande wa pili, Nakonde, anaishi mdogo wake Fides Namwinga, binti wa mama yake mdogo. Fides naye ni mpishi, katika chuo cha ufundi kiitwacho Chilolwa. Tabita alimkabidhi debe, akanywa chai, akamweleza yote tangu mchele wa mwaka 1999, akarudi nyumbani akiwa mikono mitupu. Alidhani mambo yameishia hapo.

"Kosa langu ni kumwachia debe bila kumwambia ni lako, kula," anasema Tabita, na hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Fides, ambaye mwandishi alizungumza naye kwa simu, anasema yeye ni Mnamwanga na hakuhitaji kuambiwa. Debe zima la maharage ni kubwa mno kwa nyumba ya watu watatu, akalipeleka jikoni kwake chuoni. Wanachuo wa Chilolwa wakala siku mbili, wakauliza yametoka wapi. Akawasimulia, maana jina la chuo kingine lilikuwa limeandikwa ubavuni na asingeweza kulificha.

"Nikawaambia, mukwai, jamani, mmeshakula cha watu," anasema Fides. "Dada Tabita hakuleta maharage. Ameleta mechi. Sasa nani anarudisha debe?"

Huku Igamba, wakati huo, hakuna aliyejua. Trekta lilikuja Alhamisi ya kwanza ya Novemba, siku nne kabla ya siku iliyopangwa, kwa kuwa mwenye trekta alikuwa na kazi nyingine. Lilianzia kona ya kusini. Lilipiga mistari saba, likameza nguzo moja ya goli, kisha pini ya jembe ikakatika. Dereva akaenda Vwawa kutafuta pini. Tabita alibeba nguzo ile ya mti hadi nyuma ya jiko na kuifanya egemeo la kuni, lakini hakuichoma.

Jumamosi yake, saa tano asubuhi, Kanta ya rangi ya bluu iliingia chuoni ikipiga honi, nyuma ikiwa na vijana na mabinti ishirini na wanane wakiimba Kibemba. Fides alikuwa amekaa mbele na dereva. Magotini alikuwa na debe la Lukumbi, limejaa dagaa wa Mpulungu hadi juu, na kwenye mpini amefunga kipande cha chitenge cha njano.

Hawakuwa wametuma barua wala kupiga simu. Kwa Fides hilo halikuwa tatizo, kwani mrudisha chombo haombi miadi. Kwa mwalimu Zabron lilikuwa balaa tupu: nusu ya timu yake ilikuwa mashambani kupanda, kipa wake alikuwa kwenye ubatizo wa mdogo wake, na uwanja ulikuwa na mistari saba ya trekta. Wanachuo walikimbia kila upande kuwaita wenzao. Kipa aliletwa kwa bodaboda akiwa na suti.

Nguzo ilitolewa nyuma ya jiko, ikachimbiwa mita kumi na mbili ndani ya uwanja, na mpira ukachezwa kwenye sehemu iliyobaki. Chilolwa walishinda mabao matatu kwa mawili. Isenga walishinda netiboli. Watu wa Igamba waliojaa kandokando ya uwanja walikuwa wengi kuliko mechi yoyote ya miaka kumi iliyopita, kwa sababu habari ya timu kutoka Zambia husambaa upesi, na wengi wao wana shangazi au mjomba upande ule.

Jioni ile, wageni wakiwa wanakula, mkuu wa chuo alimwita mwalimu Zabron pembeni na kumwonyesha muhtasari wa bodi aliokuwa ameuchapisha.

"Soma hapa," Gwamaka anakumbuka kumwambia. "Bodi inataka vyuo vinne. Wapi wametaja nchi?"

Jumatatu dereva wa trekta alirudi na pini mpya, akakuta wanachuo wameketi kwenye mistari yake saba wakila vitumbua, mkuu wa chuo akiwa miongoni mwao. Akalipwa gharama ya mafuta, akaondoka. Bodi ilikaa tena Desemba, ikabishana kwa saa tatu, na ikaupa uwanja msimu mmoja wa majaribio. Msimu huo unaisha Agosti, na baada ya hapo bodi itaamua upya. Si ushindi wa kufungia duka, anasema Tabita, lakini mahindi hayakupandwa.

Ligi ya vyuo vinne ilianza Februari: Isenga, Isongole, Kamsamba na Chilolwa. Isongole walipoona Chilolwa, nao wakaenda ng'ambo ya pili ya mpaka wao, upande wa Malawi, kuulizauliza kama kuna chuo chenye njaa ya mpira. Jibu bado linasubiriwa. Mei, Isenga walikwenda Nakonde kwa mechi yao ya ugenini, wanachuo wakiwa na vibali mkononi kama vyeti vya ubatizo, na debe la Lukumbi likiwa limejaa maharage.

Chilolwa waliomba waruhusiwe kufuta jina la Lukumbi na kuandika lao. Tabita alikataa. Aliwaambia debe lina mwenyewe, wao walitumie tu mpaka mwenyewe atakapozinduka, na chitenge chao kibaki kwenye mpini. Fides alikubaliana naye, akatafuta debe jingine, akaliandika CHILOLWA kwa herufi kubwa kiasi kwamba mbili za mwisho zilipinda kona.

Ndiyo maana asubuhi hii rafu ina nafasi iliyo wazi. Chilolwa wanakuja, na wanakuja na madebe mawili.

Kuna jambo jingine, ambalo Tabita amelificha hadi maharage yamechemka. Jumatano simu yake iliita. Alikuwa mwalimu Jastin wa Lukumbi. Alizunguka sana, akauliza hali ya kahawa, akauliza afya, kisha akauliza kama lile debe lipo. Msimu wao katika ligi kubwa umekuwa mgumu. Wamefungwa mechi tisa, safari zimewala, na nyumbani wanachezea mbele ya kamera na walinzi.

Tabita alimjibu kwamba debe lake lipo Nakonde, hatua chache kutoka getini kwake, lakini litakuwa Igamba Jumamosi.

Kanta ya bluu inaingia saa sita kasorobo. Fides anashuka na mikono yote miwili imejaa, na dada hao wawili wanakumbatiana huku madebe yakigongana kati yao. Ndani ya moja kuna dagaa. Ndani ya jingine, lenye jina la Lukumbi na chitenge cha njano kilichopauka, kuna samaki wakavu wakubwa ambao Fides hataki kusema aliwapataje.

Saa saba, bodaboda inasimama karibu na jiko. Mwalimu Jastin anashuka, peke yake, akiwa na suruali ya michezo yenye nembo ya mdhamini na vumbi hadi kwenye kope. Anamwamkia Tabita kwa kuinama. Anasema amekuja kuomba radhi, na kama mama hana neno, achukue debe lao.

Tabita anamvutia kiti. Anampakulia wali, maharage na dagaa, anamnawisha mikono, anasubiri ale nusu sahani. Ndipo anaposema, kwa sauti ile ile anayowaambia wanachuo wapange foleni.

"Nililileta limejaa, mwanangu, hukulipokea. Sasa sikupi. Debe hilo linafuatwa na timu."

Kijana anaacha kutafuna. Wanawake wa jikoni wanajifanya kutazama moto. Kisha Jastin anaanza kucheka, taratibu, mpaka anaweka sahani chini, na macho yake yana maji. Anauliza tarehe. Mwalimu Zabron, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote huo bila sababu yoyote, anatokea na ratiba mkononi na kumwonyesha Jumamosi moja ya Julai isiyo na mechi.

Jastin anasema hawezi kuahidi kwa niaba ya chuo. Wana mkataba na ligi kubwa. Ila mechi ya kirafiki haihitaji mdhamini, na vijana wake wameshaanza kuuliza ilikuwaje hiyo ligi ya kula. Anaiandika tarehe kwenye kiganja chake kwa kalamu ya Zabron.

Tabita amebakiza miaka sita kustaafu. Mpango wake, anasema, ni kuondoka akiiacha rafu ya stoo haina debe hata moja, yote yakiwa safarini. Msimu huu ukipita salama Agosti, atajaza lile la Vwawa, kisha yale mawili ya Mlowo, na atayapeleka mwenyewe hadi getini kama alivyofanya Tunduma. Akipewa kiti, atakaa.

Uwanjani kipyenga kinalia. Kona ya kusini bado ina mabonde saba chini ya majani, na wachezaji wa Isenga wanajua kuyaruka, wageni hawajui. Tabita hatoki kwenda kutazama. Analibeba debe la Lukumbi hadi stoo, anawatoa samaki, analiosha, analipangusa, na kuliweka kwenye nafasi ya nne. Kisha anachukua kikombe na kuanza kulijaza maharage.